Bei ya Mkono, Kyaka hadi Murongo

Ujira wa kazi ileile hubadilika kazi inapohama mji. Kijana anayepokea simu za wateja Nairobi halipwi sawa na mwenzake wa Manila au London, ingawa simu ni ileile na swali la mteja ni lilelile. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya makampuni yatoe kazi zao nje: sehemu ya kazi hukabidhiwa watu wa mji mwingine ambako mkono una bei nafuu. Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa mifano ya miji mikubwa yenye kompyuta nyingi. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zinalieleza kwa uwazi zaidi, kwa sababu huku kazi imegawanywa kwa mahali tangu kabla ya waya wa kwanza wa simu, na kahawa ndiyo kipimo chake. Njia yenyewe ni fupi: Kyaka, Bugene, Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, kisha Murongo mpakani mwa Uganda. Niliipita katikati ya mwaka, wakati wa mavuno, kahawa ya maganda ikiwa imeanikwa mbele ya kila nyumba.

Kwenye njia panda ya Kyaka barabara moja huvuka daraja la Mto Kagera kwenda Mutukula. Nyingine hupanda magharibi kwenda Karagwe. Kutoka hapo Kampala ni karibu kuliko Mwanza, na Dar es Salaam ni safari ya kilomita zaidi ya 1,400. Umbali huo unapaswa kueleweka kabla ya mambo mengine yote, kwa kuwa ujira wa kijijini ni salio. Mnunuzi wa Ulaya huanza na bei ya soko la London. Kutoka humo huondolewa meli, bandari, lori, gunia, kiwanda, ushuru, riba ya benki na faida ya msafirishaji. Kinachobaki ndicho kinachomfikia mkulima, na katika hicho mkulima humlipa kibarua wake. Lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, ilipokamilika, ilipunguza makato mawili matatu katika mnyororo huo. Hakuna aliyetangaza kuongeza ujira wa mtu, lakini lori lililokuwa likikwama siku mbili kwenye tope liliacha kukwama, na pesa ya siku hizo mbili ikapata mahali pengine pa kwenda.

Kugawa kazi kwa mahali si jambo geni Karagwe. Katika karne ya 19 ufalme wa Karagwe ulikuwa kituo cha misafara iliyopanda kutoka pwani kupitia Unyanyembe kwenda Buganda. Wafanyabiashara wa pwani waliweka kambi Kafuro, na Novemba 1861 wapelelezi John Hanning Speke na James Grant walipokewa na Mfalme Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Msafara wenyewe ulikuwa na mgawanyo wake. Mtaji ulitoka Unguja, mara nyingi kwa mkopo. Mizigo ilibebwa na wapagazi waliojulikana kwa uzoefu wao, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Pembe za ndovu zilitoka kaskazini. Karagwe ilitoa chakula, makazi na amani ya mfalme. Kila mahali palilipwa kwa kile ambacho hapakuwa na mwingine wa kukitoa, na aliyelipwa kidogo kuliko wote alikuwa yule ambaye wa kufanya kazi yake walipatikana kila kijiji. Kanuni hiyo haijabadilika tangu wakati huo.

Kahawa inaionyesha hatua kwa hatua. Wahaya na Wanyambo, wenyeji wa Kagera, walikuwa na robusta kabla ya ukoloni. Walichemsha punje changa pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakampa mgeni atafune. Kahawa ya kuuza ilikuja baadaye na ikaleta mlolongo mrefu wa kazi. Kupalilia, kuchuma na kuanika hufanyika shambani. Kahawa ya maganda, iliyokauka bila kukobolewa, hupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, na vyama vya msingi vya wilaya hizi viko chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe. Kisha hukobolewa, na kilo moja ya maganda hutoa takribani nusu kilo ya kahawa safi. Viwanda vya kukoboa viko Karagwe kwenyewe na Bukoba. Baada ya hapo huja kupanga madaraja, kuonja, kutafuta mnunuzi, kuandika mkataba, kukaanga, kusaga, kufungasha.

Sasa zitazamwe hatua hizo kwenye ramani. Zile zinazohitaji mikono mingi ziko Kyerwa na Karagwe. Ile ya mashine imegawanyika kati ya Kayanga na Bukoba. Kuonja na kuuza kwa miongo mingi kulikuwa Moshi, ambako kiwanda cha kukoboa cha TCCCo kilianzishwa mwaka 1920 na ambako mnada wa taifa ulikuwa ukifanyika. Kukaanga na kufungasha, isipokuwa sehemu ndogo inayofanywa na kiwanda cha TANICA pale Bukoba, kuko Ulaya na Asia. Kadiri hatua inavyohama mbali na mti wa kahawa, ndivyo anayeifanya anavyolipwa zaidi kwa saa. Si kwamba kazi yake ni ngumu zaidi. Aliyewahi kuinama siku nzima kuchuma kahawa kwenye mteremko wa Kyerwa hawezi kuambiwa kwamba kuonja kikombe ni kazi nzito kuliko hiyo. Mwonjaji analipwa vizuri kwa sababu waonjaji ni wachache, wanajuana, na wamekusanyika mjini ambako mnunuzi akimkosa mmoja atamtafuta mwingine kwa bei ileile. Mchumaji analipwa kwa debe, na akikataa debe hilo, jirani yake atalichukua.

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba mkono wa Karagwe ni rahisi kwa kuwa hauna ujuzi. Ujuzi wa mahali hupimwa kwa hatua ya kazi iliyowekwa pale. TANICA ilijengwa Bukoba katika miaka ya 1960 ili kutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka, na tangu wakati huo mji huo umekuwa na mafundi wa mitambo ya kahawa, wapimaji wa maabara na wahasibu wa kiwanda. KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, na KDCU zote zina hisa humo. Hao mafundi hawakuwapo kabla ya kiwanda. Kiwanda ndicho kilichowazaa, na mishahara yao ikafuata. Mji ambao haukupewa hatua hiyo haukupata watu hao, na leo mwekezaji akifika na kuuliza kama wapo ataambiwa hawapo, kisha ataandika kwenye daftari lake kwamba mahali hapa pana vibarua tu.

Jambo la pili linaloshusha ujira huku halionekani kwenye hesabu ya kampuni yoyote, nalo ni kibanja. Kila kaya ya Mnyambo ina migomba yake kuzunguka nyumba, na ndani ya migomba hiyo mna maharage, mahindi, viazi na kahawa yenyewe. Familia inayokula ndizi zake haihitaji mshahara wa kununua chakula chote. Inahitaji fedha ya ada, sabuni, chumvi, matibabu, bati na msiba. Kwa hiyo kijana wa Nkwenda anaweza kukubali ujira ambao kijana wa Dar es Salaam angekufa nao njaa kabla ya mwisho wa mwezi. Mwajiri hudhani anafaidi bei nafuu ya kijijini. Kwa kweli sehemu ya mshahara wa mfanyakazi wake hulipwa na mama aliyeamka alfajiri kupalilia mgomba, na mama huyo hayumo kwenye orodha ya malipo. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha habari nzima ya kazi zinazopelekwa mahali pa gharama ndogo. Mara nyingi gharama ndogo maana yake ni kwamba kuna mtu mwingine anayelipa tofauti. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katika miaka ya 2000, kaya zilizopoteza migomba zilihitaji ghafla fedha zaidi, na zilizipata kwa kuuza mikono yao zaidi, jambo ambalo haliwezi kupandisha bei ya mkono.

Fedha inapohitajika haraka, huingia butura. Mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya chini sana, na msimu ukifika mnunuzi huja kuchuma. Butura hukemewa kila mwaka na viongozi, na inastahili kukemewa, lakini ifahamike kwamba nayo ni gharama ya mahali. Mtu wa mjini mwenye hati ya mshahara hukopa benki. Mtu wa kijiji kilicho mbali na benki hukopa kwa ua la kahawa, na riba yake ni nusu ya mavuno au zaidi.

Kuna pia wafanyakazi ambao hawana kibanja. Wakati wa kulima na kuvuna, wilaya hizi hupokea vibarua kutoka Burundi na maeneo ya jirani. Wanalala kwa mwenye shamba, wanakula kwake, wanalipwa kwa kipande cha jembe au kwa debe. Wanakuja kwa sababu kiasi kinachoonekana kidogo Karagwe ni kikubwa nyumbani kwao, na Wanyambo wanaelewa hesabu hiyo kwa kuwa babu zao waliifanya upande wa pili. Katika miaka ya 1920 hadi 1950 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Ruanda-Urundi na kutoka magharibi mwa Tanganyika walikwenda Buganda kufanya kazi kwenye pamba na kahawa ya Waganda. Kwenda huko kuliitwa kupakasa. Watafiti wakiongozwa na Audrey Richards waliichunguza safari hiyo, na kitabu chao kilitoka mwaka 1954. Waliotembea hawakuwa wavivu waliokosa kazi kwao. Walifuata mahali ambapo siku moja ya jembe ilinunua nguo. Wakati ule mtu ndiye aliyesafiri kuifuata kazi. Biashara ya kutoa kazi nje imegeuza mwelekeo, kazi ndiyo inayosafiri kumfuata mtu aliye nafuu, lakini mizani ni ileile.

Serikali huweka ujira kwa njia tofauti na soko. Tanzania hupanga kima cha chini kwa sekta, bila kujali mji. Katika amri iliyoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa kilimo alipangiwa shilingi 140,000 kwa mwezi na wa biashara na viwanda shilingi 150,000, awe Kariakoo au Kayanga. Kenya hufanya vingine. Amri yake ya Mei 2022 ilimpangia kibarua wa kawaida wa majiji kama Nairobi na Mombasa shilingi za Kenya 15,201, wa zilizokuwa manispaa 14,025, na wa maeneo mengine 8,109. Sheria ya Kenya inakiri wazi kwamba mahali ni bei. Ya Tanzania inakataa, na mimi nadhani inakataa kwa haki, ila kukataa huko hakumfikii mchumaji wa Kyerwa asiye na mkataba wala mwajiri anayejulikana kwenye daftari la mkaguzi wa kazi. Amri humlinda aliye kiwandani. Aliye shambani hulindwa na kibanja chake.

Kwa watumishi wa umma hesabu inageuka kabisa. Mwalimu wa Murongo na mwalimu wa Kinondoni wenye ngazi moja hupata mshahara mmoja. Kwa fedha hiyohiyo wa Murongo hula vizuri zaidi, lakini hulipia kwa njia nyingine: safari ndefu ya kufuata huduma, nyumba za kupanga zilizo chache, mwenza ambaye hapati kazi karibu, na nafasi finyu ya kujiendeleza. Ndiyo sababu ya barua nyingi za kuomba uhamisho. Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kuwa wilaya, ofisi zilihamia Rubwera, na pamoja nazo mishahara, wapangaji, mama lishe, mafundi rangi na bodaboda. Hakuna aina mpya ya zao iliyopandwa mwaka ule. Kilichohama ni meza za kuandikia, na meza hizo peke yake zilitosha kuinua bei ya kiwanja.

Kazi za kompyuta zimefuata njia hiyohiyo. Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, Nairobi ilipata bei ya intaneti iliyowezesha kazi za nje kufanyiwa huko. Taasisi ya Samasource, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008 na baadaye kuitwa Sama, ilijenga vituo Nairobi na pia Gulu, mji wa kaskazini mwa Uganda uliotoka vitani. Gulu ni jamaa wa Kayanga kwa maumbile yake: mji wa wakulima, mbali na mji mkuu, wenye vijana waliomaliza sekondari na nafasi chache za ofisi. Kituo kile kilionyesha kwamba kijana wa mji wa namna hiyo anaweza kufundishwa kazi ya kupanga picha na data kwa viwango vya mteja wa California. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Lakini Janah aliwahi kueleza mwaka 2018 kwamba kulipa juu sana ya kiwango cha mahali kungeweza kuvuruga bei za nyumba na vyakula katika maeneo hayo. Hofu hiyo haikuwa ya uongo, maana Rubwera yenyewe inaonyesha jinsi mishahara mipya inavyopandisha viwanja. Hata hivyo ni hoja inayomfaa mlipaji kuliko mlipwaji. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama wa Nairobi waliosoma na kuchambua maandishi ya kutisha kwa ajili ya kampuni ya Marekani walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Maudhi ya kazi ile hayakuwa na punguzo la mahali. Maandishi mabaya humuumiza msomaji wa Nairobi sawasawa na yanavyomuumiza wa San Francisco.

Ufilipino, inayoongoza duniani katika kazi za simu, imefika mbele kidogo. Tangu sheria ya mwaka 1989 kima chake cha chini hupangwa kwa mikoa, na kampuni zikiona Manila imekuwa ghali huhamia Cebu au Davao. Huko hupata mishahara ya chini na, zaidi ya hapo, watu wasioacha kazi kila baada ya miezi sita. Hapa pana faida ambayo Kayanga ingeweza kuidai kwa haki. Mfanyakazi mwenye nyumba, kibanja na wazazi karibu haondoki ovyo, na kampuni isiyofundisha wapya kila robo mwaka huokoa fedha nyingi. Uaminifu huo ni mali ya mfanyakazi. Una bei, na unapaswa kuingia kwenye mkataba kama malipo, badala ya kuhesabiwa kama ukarimu wa watu wa kijijini.

Dhidi ya faida hiyo ziko gharama ambazo mji mdogo hauwezi kuzificha. Kwa miaka mingi Kagera imetegemea umeme unaotoka Uganda, kupitia Masaka kuingia Kyaka, na ulipokatika ng'ambo huku kulizimika pia. Ofisi isiyoweza kuahidi umeme wa saa nane hununua jenereta, na mafuta ya jenereta hula kile kilichookolewa kwenye mshahara. Msimamizi hutoka mbali na hulipwa posho. Kifaa kikiharibika, fundi husubiriwa. Mwenye kampuni anayelinganisha mishahara peke yake, bila kuhesabu haya, hukosea, na akigundua kosa lake hufunga na kuondoka, akiwaacha vijana na vyeti vya kazi ambayo haipo tena.

Kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda na Murongo njia ilikuwa bado ya udongo sehemu kubwa nilipopita, na vumbi jekundu lilikuwa limepaka majani ya migomba pande zote mbili. Kyerwa ina bati pia, madini yanayochimbwa kwa sururu na kuuzwa kama mchanga mzito, na habari yake haitofautiani na ya kahawa: jasho hubaki hapa, tanuri liko kwingine.

Murongo iko ukingoni mwa Mto Kagera, na ng'ambo ni Kikagati ya Uganda. Hapa nadharia yote ya mahali na bei hukutana na mtu mwenye gunia. Uganda ilifungua biashara ya kahawa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine za kukoboa zikaenea hadi kwenye miji midogo, na mara nyingi mkulima wa kule amelipwa zaidi, na papo hapo. Basi kwa miaka kahawa ya Kyerwa ilivuka usiku. Iliitwa magendo, na kwa sheria ni magendo. Tanzania iliwahi kujibu kwa doria, na mwaka 2018 kwa kuagiza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika. Jibu lililofaa zaidi lilikuja baadaye, mnada uliposogezwa ndani ya Kagera. Wanunuzi walianza kushindana karibu na ghala la mkulima, na dunia nayo ikasaidia, maana mwaka 2024 robusta ilifikia London zaidi ya dola 5,000 kwa tani. Bei ya kilo ya maganda ilizidi mara mbili ya ile ya miaka mitatu nyuma. Mti ulikuwa uleule na mkulima yuleyule. Kilichosogea ni hatua moja ya kazi, ile ya kuuza, kutoka mji wa mbali hadi mji wa karibu.

Hatua zilizobaki zinaweza kusogea vilevile. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo Maruku, karibu na Bukoba. KDCU ina wanachama, maghala na jina sokoni. Pale Murongo na Kikagati maji ya Mto Kagera yanazalisha megawati 14, zinazogawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi mbili. Waonjaji, wapanga madaraja, waandishi wa mikataba na wakaangaji wafundishwe kutoka miongoni mwa vijana wa Kayanga na Nkwenda, waajiriwe hukohuko, na walipwe kwa kikombe wanachokionja, si kwa wilaya waliyozaliwa. KDCU iianze kazi hiyo msimu ujao, na Bodi ya Kahawa iipe kila msaada.